Lugha ya Usimamizi wa Seva: Vitenzi, Saa na Ngeli

seva *nm* [i-/zi-] 1 kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao, kama vile kutunza barua pepe, kurasa za tovuti au hifadhidata. 2 programu inayotoa huduma hiyo. *Seva hii ya barua pepe; seva hizi za chuo.* msimamizi wa seva *nm* [a-/wa-] mtu anayeitunza seva, anayeilinda na anayeirekebisha inapoharibika.

Mwishoni mwa mwaka 1990, seva ya kwanza ya wavuti duniani ilikuwa kompyuta ya mezani ya aina ya NeXT iliyotumiwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva. Kwenye kasha lake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ikimwarifu kila mpitaji kwamba mashine hiyo ni seva na kumkataza asiizime. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kanuni za mwanzo kabisa za usimamizi wa seva za wavuti, nayo iliandikwa kwa maneno machache yasiyoweza kueleweka vibaya.

Kazi hiyo imepanuka mno tangu wakati huo, lakini bado inaendeshwa kwa sentensi: maelekezo, ratiba, ripoti na matangazo ya matengenezo. Sentensi hizo sasa huandikwa pia kwa Kiswahili, au hufasiriwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya mafundi, walimu na wanafunzi. Anayezisoma hutenda kama zilivyosema. Kwa hiyo kitenzi kilichochaguliwa ovyo, au saa iliyotajwa nusunusu, huweza kuleta hasara ileile iletwayo na amri iliyokosewa kwenye kibodi. Makala haya yanaeleza taratibu kuu za usimamizi bora wa seva pamoja na maneno yanayobeba kila utaratibu.

1. Chelezo na seva rudufu

*Chelezo* [ki-/vi-, wingi *vyelezo*] ni nakala ya data iliyowekwa kando ili irejeshwe endapo ya asili itapotea. Neno hili lina asili ya baharini: chelezo ni kitu kinachoelea majini, kama boya. Upatanisho wake ni wa ki-/vi-: *chelezo hiki kimekamilika, vyelezo hivi vimekamilika.* Matumizi kama *chelezo hii* husikika sana, lakini katika maandishi sanifu hayafai.

*Seva rudufu* ni kitu kingine. Hiyo ni seva ya pili inayonakili mabadiliko ya seva kuu papo kwa papo, ili ichukue nafasi yake ikianguka. Tatizo la kiistilahi ni kwamba maneno *nakala rudufu* hutumiwa na waandishi wengi kwa maana zote mbili. Tofauti yake ni kubwa. Seva rudufu hunakili kila kitu, likiwemo kosa. Mtu akifuta jedwali la wateja kwenye seva kuu, seva rudufu nayo italifuta baada ya sekunde chache. Chelezo cha jana hakitaguswa. Mfasiri anayekutana na neno lenye maana ya nakala hana budi kujiuliza kwanza: je, nakala hii hubadilika pamoja na asili yake, au imesimama pale ilipochukuliwa?

Kanuni inayofundishwa zaidi kuhusu vyelezo huitwa kanuni ya 3-2-1: pawepo nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe mahali pengine kabisa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayopuuzwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa na vyelezo, lakini vilikuwa katika eneo lilelile lililoungua. Kwa hiyo maneno *mahali pengine* katika maelekezo yafafanuliwe: jengo jingine, na ikiwezekana mji mwingine. Chumba cha pili katika jengo hilohilo si mahali pengine.

2. *Huchukuliwa* na *kimejaribiwa*

Kiambishi *hu-* hueleza desturi: *Chelezo huchukuliwa kila usiku.* Sentensi hii haisemi kwamba chelezo cha jana kipo. Inaeleza mazoea, au nia, au ratiba iliyowekwa miaka mitatu iliyopita na fundi aliyekwisha kuhama. Kiambishi *-me-* hueleza tendo lililotimia na matokeo yake yapo: *Chelezo cha jana kimechukuliwa, na kimerejeshwa kwa majaribio.* Kati ya sentensi hizi mbili ndipo kampuni nyingi zilipopoteza data.

Mfano uliorekodiwa vizuri ni wa tovuti ya GitLab.com, ambayo hutunza programu za kompyuta za watumiaji wa nchi nyingi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni hiyo alikuwa akishughulikia seva rudufu ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Ili aanze kunakili upya, ilimpasa kufuta saraka ya data kwenye seva rudufu. Amri aliyoitoa ilitekelezwa kwenye seva kuu. Alipotambua na kuisimamisha, sekunde chache tu zilikuwa zimepita, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki takriban 4.5.

Hapo ndipo utaratibu wa vyelezo ulipohitajika. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala, lakini zilipotazamwa, karibu zote hazikuweza kusaidia. Vyelezo vya kila siku vilivyopaswa kupelekwa kwenye hifadhi ya mbali havikuwepo: programu iliyovitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na toleo la hifadhidata, kwa hiyo ilishindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho, na hakuna aliyezisoma. Kilichookoa kazi ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ilipotea, zikiwemo akaunti mpya 700 hivi na maelfu ya maoni ya watumiaji.

Kampuni ilichapisha maelezo ya tukio hilo hadharani, tena bila kumtupia lawama zote aliyebonyeza kitufe. Jambo hilo nalo ni sehemu ya usimamizi bora, kwani fundi anayeogopa kuaibishwa huficha kosa wakati ambao kila dakika ina thamani.

Katika lugha, funzo lake ni hili: ripoti ya chelezo isiandikwe kwa *hu-*. Iandikwe kwa *-me-*, na iwe na tarehe, ukubwa wa chelezo na jina la seva ambako kilirejeshwa kwa majaribio. Chelezo ambacho hakijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Kadhalika, kimya kisichukuliwe kuwa dalili ya usalama. Utaratibu mzuri hutuma taarifa kila siku kazi inapofanikiwa, ili kukosekana kwa taarifa kuwe ndiko kengele.

3. *Uifute*: kiambishi kisichojulikana kinamrejelea nani

Maneno *seva*, *data*, *programu*, *hifadhidata*, *diski*, *folda* na *akaunti* yote ni ya ngeli ya i-/zi-. Kwa mazungumzo ya kawaida hilo halina madhara. Katika maelekezo ya kazi linaweza kuwa hatari:

*Hamisha data kutoka kwenye seva ya zamani, kisha uifute.*

Ni nini kinachofutwa: data au seva? Kiambishi *-i-* kinakubaliana na vyote viwili. Msomaji mmoja atafuta data iliyobaki na kuiacha seva ikifanya kazi. Mwingine ataifuta seva nzima pamoja na huduma nyingine zilizokuwamo. Lugha zenye kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote zina tatizo hilihili, lakini mwandishi wa Kiswahili hujiamini zaidi kwa kuwa amezoea ngeli zimtofautishie mambo. Hapa hazitofautishi.

Dawa ni kurudia nomino, hata kama mtindo utaonekana mzito: *Hamisha data kutoka kwenye seva ya zamani. Hakikisha data yote imefika kwenye seva mpya. Kisha futa data iliyo kwenye seva ya zamani. Seva yenyewe isizimwe.* Na palipo na seva zaidi ya moja, kila moja itajwe kwa jina lake. Majina yanayotofautiana kwa tarakimu moja tu, kama yale ya seva mbili za GitLab zilizochanganywa, humwekea mtego fundi aliyechoka. Kampuni nyingi huzipaka rangi tofauti skrini za amri, nyekundu kwa seva inayotumiwa na wateja, ili jicho lionye pale akili inapolegea.

4. Vitenzi vya kuangaliwa

*Futa.* Mtu hufuta vumbi, ubao, safari, deni na data. Kwenye seva kitenzi hiki kitumike kwa maana moja tu: kuondoa data moja kwa moja. Kusitisha kazi iliyopangwa kuitwe *kughairi* au *kusitisha*.

*Ondoa.* Kitenzi hiki kinafaa kwa kitu kinachotengwa bila kuangamizwa. *Ondoa seva kwenye mtandao* maana yake ni kuikatia mawasiliano, huku data yake ikibaki salama. Seva iliyoshambuliwa kwa kawaida huondolewa mtandaoni kwanza; ikifutwa papo hapo, ushahidi wa shambulio nao hufutika.

*Safisha.* Ni tafsida ya hatari. Fundi akiambiwa *safisha diski*, anaweza kuelewa kwamba aondoe mafaili ya muda, au kwamba aifute yote. Maelekezo yataje kinachoondolewa na kinachobaki.

*Funga.* Fundi *hufunga* mtambo, yaani huusimika mahali pake. Mlinzi *hufunga* mlango, yaani huuzuia usipitike. Kwa hiyo *funga seva mpya* na *funga seva mbovu* ni amri zenye maana zinazopingana, na *funga seva* peke yake haieleweki. Kwa vifaa litumike *simika*, kwa programu *sakinisha*, na *funga* libakizwe kwa milango ya mtandao: *Funga milango yote isipokuwa ile inayohitajika.* Huo ndio msingi wa kuweka *ngome*, yaani programu au kifaa kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Ngome nzuri huanza kwa kukataa yote, kisha huruhusu moja moja kwa sababu inayojulikana.

*Washa upya* na *anzisha upya.* Inafaa la kwanza liwe la mashine nzima, na la pili liwe la programu au huduma moja. Kuwasha upya seva ya chuo wakati wa mitihani ili kuponya huduma moja iliyokwama ni sawa na kuzima umeme wa mtaa mzima ili kubadilisha taa moja.

5. Saa za seva na saa za Waswahili

Hapana mahali ambapo Kiswahili na kompyuta hukosana zaidi kuliko kwenye saa. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko na saa za usiku tangu machweo. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na hesabu zote mbili hutumia tarakimu zilezile.

Matengenezo ya seva hupangwa nyakati ambazo watumiaji wamelala, na saa inayopendwa ni 02:00, yaani saa nane usiku. Mfasiri anayeandika *saa 2:00 usiku* amesogeza kazi hadi 20:00, wakati ambao watu wengi wamo mtandaoni. Na fundi anayesikia *saa nane usiku* akaingiza 08:00 kwenye ratiba ataizima seva asubuhi, ofisi zinapojaa watu.

Ugumu wa pili ni siku. Kwa desturi ya pwani usiku hutangulia mchana wake, hivyo *usiku wa Ijumaa* kwa wengi ni ule wa baada ya Alhamisi kuchwa. Kompyuta huhesabu siku mpya tangu saa sita za usiku. Maneno *usiku wa kuamkia Jumapili* huondoa shaka, maana yanataja siku zote mbili kwa mpigo mmoja.

Ugumu wa tatu ni tarakimu za siku. Programu ya ratiba iitwayo cron, inayotumika kwenye seva nyingi, huhesabu Jumapili kuwa 0, Jumatatu kuwa 1, na kuendelea hadi Jumamosi, ambayo ni 6. Majina ya Kiswahili huanza kuhesabu Jumamosi kuwa ya *mosi*. Mwanafunzi anayesikia *tatu* ndani ya Jumatatu na kuandika 3 ataipata Jumatano. Alhamisi nayo ina asili ya Kiarabu yenye maana ya tano, lakini katika cron ni 4. Njia salama ni kuandika ufupisho wa jina la siku pale programu inapouruhusu, au kuangalia orodha kila mara.

Ugumu wa nne ni saa za kanda. Seva nyingi huwekwa zifuate saa za dunia, UTC, ili rekodi za seva zilizo katika nchi mbalimbali zilingane. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko mbele ya UTC kwa saa 3; Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 2. Kwa hiyo 02:00 ya Dar es Salaam ni 23:00 UTC ya siku iliyotangulia. Kwa anayetumia saa za Afrika Mashariki pana njia ya mkato: tarakimu ya saa ya Kiswahili ni ile ya UTC ikipunguzwa 3, na ikizidi 12 huondolewa 12. Kwenye 23:00 UTC, 23 kutoa 3 ni 20, na 20 kutoa 12 ni 8: saa nane usiku.

Kanuni ya uandishi inayofaa ni kutaja saa ya Kiswahili kwa maneno na saa ya mashine kwa tarakimu nne zenye jina la kanda, zote mbili pamoja: *saa nane usiku (02:00, saa za Afrika Mashariki, 23:00 UTC)*. Tarehe iandikwe kuanzia mwaka, kama 2025-04-03, kwa sababu 03/04 ni Aprili kwa Mtanzania na Machi kwa Mmarekani.

6. Ruhusa, nywila na funguo

Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni ambayo bado inatawala kazi hii: kila mtumiaji na kila programu ipewe ruhusa chache kadiri kazi yake inavyohitaji, zisizidi hapo. Mhasibu hahitaji kufungua rekodi za wagonjwa. Programu ya kuchapa ripoti haihitaji uwezo wa kufuta. Msimamizi mwenyewe hafai kushinda ndani ya akaunti kuu siku nzima. Huingia humo kwa kazi maalumu, kisha hutoka. Mfanyakazi anapoondoka, akaunti yake hufungwa siku hiyohiyo.

Kwa neno la siri la kuingilia yapo majina mawili yanayotumika: *nywila* [i-/zi-] na *nenosiri* [li-/ya-]. Yote yanafaa, mradi andiko moja lisiyachanganye, kwa kuwa msomaji mgeni atadhani ni vitu viwili. Nywila haigawanywi. Ofisi ambamo watu watano hutumia nywila moja haiwezi kujua ni nani kati yao aliyefuta faili.

Seva za mbali hufikiwa kwa njia ya SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen baada ya nywila za mtandao wa chuo chake kunaswa na wadukuzi zikipita waziwazi. SSH husimba mawasiliano yote, na huweza kutumia *jozi ya funguo* badala ya nywila. Hapa mfasiri awe mwangalifu mno. Jozi hiyo ina *ufunguo wa wazi*, unaowekwa kwenye seva na unaoweza kuonwa na yeyote, na *ufunguo wa siri*, usiotoka kwenye kompyuta ya mwenyewe. Maelekezo yanayosema tu *mtumie msimamizi ufunguo wako* yamewafanya watu watume ule wa siri, na ukishatumwa si wa siri tena: jozi nzima hutupwa na mpya kutengenezwa.

7. Kiraka, sasisho na cheti

*Kiraka* [ki-/vi-] ni marekebisho madogo yanayoziba tundu la usalama katika programu. *Sasisho* [li-/ya-] ni neno pana zaidi: huweza kuleta viraka, mapambo mapya, au vyote kwa pamoja. Tofauti hiyo huamua haraka ya kazi. Sasisho la mapambo linaweza kungoja mwisho wa muhula. Kiraka cha usalama hakingoji, kwa sababu siku kinapotangazwa ndiyo siku wadukuzi nao wanapojua tundu liko wapi.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka kwa ajili ya udhaifu mkubwa wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu ya WannaCry ilipenya katika udhaifu uleule na kufunga data za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Haraka hiyo haiondoi tahadhari. Kiraka hujaribiwa kwanza kwenye *seva ya majaribio*, chelezo huchukuliwa, na njia ya kurudi kwenye hali ya awali huandikwa kabla ya kuanza. Mabadiliko makubwa hayafanywi Ijumaa jioni.

*Cheti* cha usalama huthibitisha utambulisho wa seva, nacho huisha muda. Kampuni ya Marekani ya Equifax ilivamiwa mwaka 2017 kupitia programu isiyotiwa kiraka, na taarifa za watu milioni 147 hivi zikaibwa. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwa hakioni kitu, kwa kuwa cheti chake kilikwisha muda bila kuhuishwa. Kilipohuishwa mwishoni mwa Julai, wizi ukaonekana mara moja. Neno linalofaa kwa kitendo hiki ni *kuhuisha*, na ratiba ya vyeti itaje tarehe ya mwisho, jina la mwenye jukumu na jina la atakayeshika nafasi yake akiwa likizo.

8. Batli

*Batli* ni neno jingine la mabaharia: daftari la matukio ya safari ya chombo. Katika kompyuta ni rekodi ambamo seva huandika nani aliingia, lini, na nini kilishindikana. Waandishi wengine husema *kumbukumbu*, lakini neno hilo tayari limebeba mihutasari ya vikao na kumbukumbu ya mashine yenyewe, hivyo *batli* halina utata.

Batli zitunzwe pia kwenye seva nyingine, kwani anayevamia seva huanza kwa kufuta nyayo zake. Saa za seva zote zilingane, la sivyo matukio hayapangiki kwa mfuatano. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mvujo unaoweza kuwadhuru wahusika uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72 tangu ujulikane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mfasiri azingatie kwamba jina rasmi la sheria ya Tanzania linasema *taarifa binafsi*, na asilibadilishe kuwa *data*.

9. Zoezi: tangazo moja, mara mbili

Tangazo lifuatalo lina sarufi safi, lakini ni la hatari:

*Usiku wa Jumapili saa 2 tutasafisha seva ya zamani. Data itahamishiwa seva mpya kisha itafutwa. Chelezo huchukuliwa kila siku, hivyo hakuna wasiwasi.*

Saa haijulikani, wala usiku wenyewe. Kinachosafishwa hakijatajwa. *Itafutwa* yaweza kuwa data au seva, na ikiwa ni data, haijulikani ni iliyo kwenye seva ipi. Sentensi ya mwisho inaeleza desturi pasipo ushahidi. Likiandikwa upya husomeka hivi:

*Chelezo cha hifadhidata ya wanafunzi kimechukuliwa tarehe 2025-06-13, na kimerejeshwa kikamilifu kwenye seva ya majaribio. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, tarehe 2025-06-15, kuanzia saa nane usiku (02:00, saa za Afrika Mashariki, 23:00 UTC ya tarehe 14), data itanakiliwa kutoka seva iitwayo Kilwa hadi seva iitwayo Lamu. Huduma ya matokeo haitapatikana kwa saa mbili. Data iliyo kwenye Kilwa haitafutwa kabla ya siku 30 kupita. Seva ya Kilwa itaondolewa mtandaoni, lakini haitazimwa.*

Tangazo la pili ni refu mara mbili na zaidi, na halina sentensi ya kupendeza. Fundi atakayelisoma saa saba na nusu usiku, peke yake, macho yakiwa mazito, hatahitaji kukisia neno lolote.